Ionides, Bwana Nyoka wa kusini ya Tanganyika

Mu mashamba ya mupunga ya Luberizi, nyoka ikionekana, panga ndiyo inatangulia. Haiulizwe kama iko na sumu ao hapana. Kule kusini ya Tanzania pia ilikuwa vile, mpaka pakatokea muzungu mumoja aliyeomba watu wasiue, ila wakimbie kumuita.

Constantine Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901, mu jamaa yenye asili ya Ugiriki. Alikuwa askari India, kisha Tanganyika. Alipoacha jeshi alienda kuwinda tembo juu ya pembe, mara nyingi bila ruhusa. Kumbe mwaka 1933 serkali ya kikoloni ikamuchukua huyo huyo, ikamufanya mulinzi wa wanyama, akakaa Liwale.

Pale njo alipigania hifazi ya Selous ipanuliwe. Miaka ya 1940 ugonjwa wa malale ulikuwa sababu ya kuhamisha watu wa vijiji vingi vya Liwale. Malale ilikuwa ya kweli, lakini kwa Ionides ilikuwa pia njia ya kupata pori bila watu. Selous ikafika karibu kilomita za mraba 50 000. Wenye kujua habari ya Kahuzi-Biega, iliyopanuliwa mwaka 1975, hawana lazima ya kuelezwa familia zile ziliacha nini nyuma: mashamba, makaburi, miti ya matunda.

Miaka ya 1950 aliacha kazi ya serkali, akageukia nyoka, zaidi upande wa Newala. Mutu akiona nyoka alituma habari, naye alikuja na wasaidizi wake na kumulipa aliyeleta habari. Kwa mamba wa kijani (nyoka, si mamba wa mutoni kama wale wa Ruzizi) alitumia fimbo ndefu yenye koleo kwenye ncha, akimushusha polepole toka juu ya muti. Moma, yenye meno marefu kupita nyoka zote, mara nyingine aliiokota kwa mikono tu, kwa sababu ni nyoka pole kama haisumbuliwe. Lakini hakuponyoka kila siku: aliumwa mara nyingi, na vidole vyake vingine viliharibika.

Alikamata maelfu, wengi wakiwa wazima. Walienda kwenye bustani za wanyama, majumba ya makumbusho na maabara zenye kukamua sumu. Na dawa ya kuokoa mutu aliyeumwa inatengenezwa kwa sumu ile ile. Nyoka aliyekatwa kwa panga hatoi dawa.

Alikufa mwaka 1968, akazikwa ndani ya Selous. Mwaka 1982 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2019 Tanzania ilikata sehemu kubwa yake, ikaiita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Liwale iko palepale, pembeni ya pori.