Maybach: Yatima aliyefuga joto la injini, na siri ya hita yako kupuliza baridi

Taja jina Maybach mtaani na kila mse ataona gari refu jeusi, viti vya ngozi, na mheshimiwa fulani kiti cha nyuma akiongea na simu. Wachache wanajua kwamba Maybach alikuwa mtu, tena mtu aliyeanza maisha bila mama, bila baba na bila ndururu mfukoni. Hata kama hutawahi kuketi ndani ya gari lenye jina lake, Probox ya mjomba wako na matatu unayopanda kila asubuhi zinabeba wazo lake pale mbele ya injini. Rejeta.

Wilhelm Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 eneo la Heilbronn, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa seremala. Mama alifariki kijana akiwa na miaka minane, baba akafuata miaka miwili baadaye. Akiwa na miaka kumi tu, Wilhelm alipelekwa Reutlingen, katika nyumba ya kulea watoto maskini iliyoendeshwa na mhubiri Gustav Werner. Bahati yake ni kwamba nyumba hiyo haikuwa ya uji na maombi peke yake. Ilikuwa na karakana. Alipofika miaka 15 alikuwa anafunzwa kuchora mitambo, na jioni anaenda darasani kusoma hesabu na fizikia.

Kisha akaja bosi mpya wa karakana, injinia kwa jina Gottlieb Daimler, aliyemzidi miaka 12. Daimler aliona michoro ya kijana huyu na hakumwachilia tena. Walihama pamoja hadi Karlsruhe, kisha Deutz mwaka 1872, kwenye kiwanda cha Nikolaus Otto, baba wa injini ya mipigo minne. Daimler alipokosana na wakubwa huko, Maybach alibeba virago akamfuata.

Mwaka 1882 wakajifungia kwenye kibanda cha vioo cha maua, nyuma ya nyumba ya Daimler mjini Cannstatt. Mchana na usiku ni nyundo na tupa. Mtunza bustani akashuku wawili hawa wanatengeneza pesa bandia, akaita polisi. Polisi walipekua, wakakuta vyuma na injini tu. Kufikia 1885 injini yao ndogo ilikuwa inaendesha kitu kama pikipiki ya mbao. Mababu wa nduthi, ukipenda.

Lakini kulikuwa na shida moja iliyokataa kuisha: joto. Injini inachoma mafuta, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo haifiki kwenye magurudumu. Inageuka joto. Usipoliondoa, vyuma vinavimba, vinakwama, na kazi imeisha. Magari mengi ya kwanza yalitegemea maji mengi yaliyochemka na kwenda na hewa, kwa hivyo dereva alikuwa kila mara anasimama kutafuta mengine. Mwaka 1889 Maybach alijaribu kupitisha maji ndani ya mabomba ya fremu ya gari lenyewe. Ilikuwa akili, lakini injini zilizidi kukua na fremu haikutosha.

Jibu lake kubwa lilikuja mwishoni mwa 1900. Kwa gari la kwanza kuitwa Mercedes, alishikanisha vijibomba 8,070, kila kimoja na mdomo wa milimita sita kwa sita, mpaka vikafanana na sega la nyuki. Upepo ulipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katikati yao, na nyuma kukawa na feni ya kuvuta hewa gari likienda polepole. Gari lililohitaji lita 18 za maji sasa lilitosheka na lita 9. Machi 1901 gari hilo lilitawala mashindano ya Nice, na Wafaransa wakambandika Maybach cheo cha mfalme wa wasanifu wa magari.

Gari hilo lilikuwa wazi, halina paa, na aliyeliendesha Januari alitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Maybach hakuunda hita. Lakini ukifungua dashibodi ya gari la leo, hita utakayoikuta ni rejeta ndogo. Maji ya moto kutoka kwa injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake, nawe unapata joto. Kwa hivyo ukiwa Limuru mwezi wa Julai, kioo kimejaa ukungu na hita inapuliza kama friji, uliza yale maswali aliyokuwa akijiuliza Maybach: maji yapo? Yana moto? Yanazunguka?

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Kufungua kifuniko cha rejeta ya moto ni kutafuta kulala hospitali. Maji yakipungua, hita huwa ya kwanza kulalamika. Ikipuliza moto ukikanyaga mafuta na baridi ukisimama kwenye jam, shuku maji machache, hewa iliyonaswa ndani au pampu iliyochoka.

Pili, tazama mshale wa joto. Kama umeendesha robo saa na bado umelala chini, thamostati imekwama wazi, au haipo. Hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani hutukosea. Gari likichemka, wanang'oa thamostati na kusema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Inahitajika. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na chanzo cha kuchemka bado kipo palepale.

Tatu, gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia kwenye hita. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayapiti: valvu imefungwa au rejeta ndogo imeziba. Maji ya mfereji bila kulanti huleta kutu, na kutu ndiyo huziba vijibomba. Yote miwili ikiwa moto na hewa bado ni baridi, kilango cha hewa ndani ya dashibodi kimekwama. Na ukisikia harufu tamutamu huku zulia la mbele limelowa, rejeta ndogo inavuja.

Maybach mwenyewe hakufaidi sana. Daimler alifariki Machi 1900, na wenye hisa wakaanza kumsukuma pembeni. Mwaka 1907 aliondoka kwenye kampuni aliyoijenga, akiwa na miaka 61. Hakukaa kulia. Yeye na mwanawe Karl wakaingia kwenye injini za ndege kubwa za Zeppelin, na baada ya vita Karl ndiye aliyeanza kuunda magari ya kifahari yenye jina la familia.

Kwa sisi ambao chuo kilitushinda katikati, kuna tarehe moja ya kukumbuka. Mwaka 1916 chuo cha ufundi cha Stuttgart kilimpa Maybach udaktari wa heshima. Alikuwa na miaka 70, na hakuwahi kusoma chuo kikuu hata siku moja. Alifariki tarehe 29 Desemba 1929, katikati ya baridi ya Ujerumani, akazikwa Cannstatt, kwenye makaburi yaleyale alikolala Daimler.