Kabla hujamzomea kocha wa chuo chenu, mjue Reinhard Fabisch

Jumamosi kama hizi, ukishuka matatu ya Kangemi pale Waiyaki Way na kuingia ndani upande wa Muthangari, utasikia kelele kabla hujauona uwanja. Ni mechi za vyuo. Makomredi wamejaa kando ya mstari, kuna mwenye vuvuzela, kuna anayepiga mtungi wa maji kama ngoma, na karibu wote wana ujumbe mmoja kwa kocha: kazi imemshinda. Mbona amemtoa winga? Mbona namba tisa yuko benchi? Mbona anajaza mabeki watano na tuko nyumbani?

Tuseme ukweli, mimi nilikuwa kinara wa hizo kelele. Kuna fainali moja siwezi kuisahau. Mshambuliaji wetu matata alikaa benchi dakika zote 90 na tukapigwa 1-0. Nilibuni wimbo wa kumkejeli kocha na uwanja mzima ukaitikia. Jamaa alitembea hadi kwenye basi akiangalia viatu vyake. Muhula uliofuata hakurudi. Nilijua ukweli wa ile mechi baadaye kabisa, na nitawaambia mwisho. Kwanza niwape stori ya kocha mwingine, mzungu ambaye wazee wetu wa mtaani bado wanamtaja wakianza kulia kuhusu Harambee Stars.

Reinhard Fabisch alizaliwa Ujerumani mwaka 1950. Wengi wetu hatukuwahi kumwona akifanya kazi, lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa akienda Kasarani na Nyayo enzi hizo. Atakuambia kuhusu mtu ambaye hakuweza kukaa kitini mechi ikichezwa, mwenye hasira za karibu na mapenzi makubwa kwa wachezaji wake.

Kenya ilimjua vizuri mwaka 1987. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika, All Africa Games, na uwanja wa Kasarani uliojengwa kwa msaada wa Wachina ulikuwa bado unanukia rangi. Fabisch, akiwa na miaka 36 tu, ndiye aliyekabidhiwa Stars. Vijana wakapenya hadi fainali, Agosti mwaka huo, mbele ya mashabiki wao. Wapinzani walikuwa Misri, na wakatufunga 1-0. Tukabaki na medali ya fedha.

Medali ya fedha, bana. Leo hii tungefanya maandamano ya furaha hadi katikati ya jiji. Lakini fainali ukiipoteza nyumbani, watu hawahesabu hatua ulizopanda, wanahesabu ile moja uliyoteleza. Na huo ulikuwa mwaka mtamu kwa soka yetu, kwani kufikia Desemba Gor Mahia ya akina Peter Dawo ilikuwa imebeba Kombe la Washindi barani Afrika, papo hapo Kasarani, mbele ya Esperance ya Tunisia. Ungedhani hapo ndipo nchi ingeketi na kocha wake na kujenga kitu. Fabisch hakukaa. Akaondoka, na sisi tukaanza mchezo wetu wa kubadilisha makocha kama laini za simu.

Mwaka 1992 jamaa akatua Zimbabwe, na huko ndiko jina lake lilikokua. Alikuta vipaji vilivyotawanyika, akavishona pamoja: kipa Bruce Grobbelaar aliyekuwa amebeba mataji na Liverpool, ndugu wawili Peter na Adam Ndlovu, na mshambuliaji Agent Sawu. Wazimbabwe wakaiita timu hiyo Dream Team, na hadi leo hakuna kikosi chao kingine kinachotajwa kwa upendo huo. Desemba mwaka huo waliichapa Misri 2-1 jijini Harare kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1994.

Halafu ikaja ile siku ya Cairo, Februari 28, 1993. Mechi ya marudiano. Zimbabwe ilihitaji sare tu, Misri ilihitaji ushindi. Sawu akafunga mapema na uwanja ukachemka. Misri walirudi wakapata mabao mawili, lakini katikati ya mechi vitu vilikuwa vinarushwa kutoka jukwaani kuelekea kwa wageni. Grobbelaar aligongwa. Fabisch naye aligongwa kichwani. Kocha aliyekuja kufundisha mpira akafungwa bendeji kama mtu aliyetoka vitani. Mechi ikaisha 2-1 na Misri wakashangilia kusonga mbele.

Furaha yao haikudumu. FIFA ilifuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe ugenini kwa wote wawili, katika jiji la Lyon, Ufaransa. Aprili 1993 wakakutana tena, wakatoka 0-0, na Zimbabwe ndiyo iliyosonga mbele. Hebu fikiria hilo kidogo. Wachezaji wa Misri walikuwa wameshinda uwanjani. Waliowapokonya ule ushindi ni mashabiki wao wenyewe, watu walioipenda timu kiasi cha kurusha mawe kwa ajili yake.

Usidhani Fabisch alimaliza kwa raha. Julai mwaka huohuo Zimbabwe ilihitaji kuishinda Zambia nyumbani ili kwenda Kombe la Afrika, lile la 1994. Zambia yenyewe ilikuwa imezika kikosi kizima miezi michache kabla, baada ya ndege kuanguka baharini karibu na Gabon. Ikaisha 1-1 na Zambia wakapita. Oktoba, Zimbabwe wakaenda Yaounde wakiota Marekani, wakapigwa 3-1 na Cameroon. Tiketi mbili zikaponyoka ndani ya miezi michache. Kocha huyohuyo, kikosi kilekile, mapenzi yaleyale. Soka haimlipi kila anayefanya kazi.

Mwaka 1997 akarudi kwetu. Stars walikuwa kwenye kundi moja na Nigeria, Guinea na Burkina Faso, wakitafuta nafasi ya Kombe la Dunia la Ufaransa 1998. Nigeria hawa ndio waliokuwa wametwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka mmoja kabla, lakini walipokuja Nairobi mwaka huo walitoka na sare ya 1-1. Mwisho wa hesabu Nigeria ilikuwa na pointi 13, Guinea 12, Kenya 10. Pointi tatu. Mechi moja tu ndiyo iliyotutenga na kileleni. Hatujawahi kucheza Kombe la Dunia, lakini waliokuwepo watakuambia mwaka huo lilikuwa limeanza kunukia.

Tena akaondoka. Tena akarudi, mwaka 2001, na kufikia 2002 alikuwa ameondoka kwa mara ya tatu. Tatu, mabeste. Nchi moja ilimwajiri mtu yuleyule mara tatu na mara zote ikashindwa kukaa naye. Wanaomkumbuka wanasema ugomvi wake mkubwa haukuwa na mashabiki wala wachezaji. Ulikuwa na maofisa. Alitaka vijana walipwe posho zao, walale mahali pa maana, wasafiri kwa wakati. Alikuwa na mdomo na hakuufunga mbele ya wakubwa.

Hapo ndipo mimi huona makosa yetu. Sisi huko jukwaani tunamwona kocha kwa sababu yuko mbele yetu. Yuko karibu, ana jina, anaweza kusikia tukimzomea. Yule aliyechelewesha tiketi za ndege haonekani. Aliyekalia posho haonekani. Kwa hivyo hasira yote inatua kwa mtu aliyesimama kando ya mstari. Ndiyo maana baada ya Fabisch tumepitisha Bernard Lama, Antoine Hey, Henri Michel, Adel Amrouche na wengine wengi, kila mmoja akiingia kama mkombozi na kutoka kama mkosaji. Wakati huohuo FIFA ilitufungia mwaka 2004, ikatufungia 2006, ikatufungia tena 2022. Hakuna hata mara moja tuliyofungiwa kwa sababu kocha alimtoa winga. Zote zilikuwa vita vya ofisini.

Sura ya mwisho ya Fabisch ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2008 aliipeleka Benin kwenye Kombe la Afrika nchini Ghana. Walipoteza mechi zote tatu: 1-0 kwa Mali, 4-1 kwa Ivory Coast, 2-0 kwa Nigeria. Ukiangalia matokeo hayo peke yake, utasema nini? Mimi najua ningesema nini. Ningesema kocha ameuza mechi, na ningetunga wimbo.

Sasa sikia. Katika mashindano hayohayo Fabisch alijitokeza hadharani na kueleza kwamba alifuatwa na mtu aliyetaka timu yake ipoteze kwa makusudi ili watu wa kamari wavune. Alikataa pesa na akaripoti. Alipigwa mechi tatu na bado ndiye aliyekuwa na mikono safi. Miezi mitano baadaye, Julai 2008, saratani ikamchukua. Alikuwa na miaka 57.

Sasa nirudi kwa ile fainali yetu.

Ilipita karibu mwaka mmoja kabla sijakutana na yule namba tisa wetu kwenye stendi, tukisubiri matatu mvua ikinyesha. Nikamchokoza kuhusu yule kocha aliyemnyima fainali. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Hakuwa amesajiliwa muhula ule. Deni la karo lilikuwa limemlemea na chuo kilikuwa kimeondoa jina lake, na mashindano yanaruhusu wanafunzi waliosajiliwa pekee. Kocha alijua. Alijaribu kuongea na ofisi wiki nzima na hakufua dafu. Siku ya mechi akampa trakisuti na kumketisha benchi kama wengine ili sisi tusijue. Tuliposhika ule wimbo angeweza kugeuka na kutuambia. Alinyamaza, akaubeba yeye.

Matatu ilipokuja niliiacha ipite. Sikujua niseme nini.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yangu. Nilienda kuangalia orodha ya mtihani, nikaipitia mara mbili, jina langu halikuwepo. Karo. Sijamaliza hadi leo. Siku hiyo hakuna aliyenitungia wimbo, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilijiuliza tu, je, kama ningekuwa na mtu wa kunipa trakisuti?

Sisemi tunyamaze. Shabiki anayelipa nauli, anayepoteza sauti, anayekosa usingizi kwa sababu ya timu ana haki ya kuuliza. Mabeki watano nyumbani ni swali halali kabisa. Lakini kuna kuuliza na kuna kurusha. Misri ilirusha, ikapoteza mechi iliyokuwa imeshinda. Sisi tuliimba, tukapoteza kocha ambaye hadi sasa sijaona wa kumfikia pale chuoni. Na ofisi iliyofuta jina la namba tisa haikusikia hata mstari mmoja wa ule wimbo, kwa sababu hatukuimba tukiielekea.

Yule kocha sijampata. Nilisikia anafundisha watoto mahali fulani upande wa Kawangware, na nina mpango wa kumtafuta nimwombe msamaha uso kwa uso. Jumamosi hii bado nitakuwa hapa Muthangari, kando ya mstari. Namba tisa akiwekwa benchi, nitamsubiri baada ya mechi nimuulize kama jina lake liko kwenye orodha.