Makhan Singh na mlango wa chama

Tukiulizwa huku Baraka kuhusu historia ya migomo, wengi wetu tutaanza na Elisabethville, Desemba 1941. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waliacha kazi wakidai mishahara. Tarehe 9 askari wakafyatua risasi katika uwanja wa michezo walimokusanyika, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Kinachonisumbua kila ninapoisoma habari hiyo ni jambo linaloandikwa pembeni tu: mwaka huohuo wafanyakazi Wazungu wa kampuni hiyo nao walikuwa wakidai haki zao. Mwajiri mmoja, lakini kila rangi ilidai kivyake. Kwa sababu hiyo nimeamua kuwaletea wasomaji wa jarida letu maisha ya Makhan Singh, mtu anayejulikana sana Kenya na ambaye katika masomo yetu hatajwi kabisa. Miaka sita kabla ya risasi za Elisabethville, yeye alikuwa ameanza kulijibu swali hilo Nairobi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab, sehemu ambayo leo iko Pakistani. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Yeye ndiye aliyetangulia Kenya kufanya kazi ya reli, na familia ikamfuata Nairobi mwaka 1927. Baadaye mzee huyo alifungua kiwanda cha uchapaji, na kijana alipomaliza shule akaingia humo kufanya kazi. Alikuwa pia akitunga mashairi ya Kipunjabi. Sisi wa kitivo cha lugha tusilipite hili haraka haraka: kiongozi huyu wa wafanyakazi alikuwa na mashine ya kuchapa kabla hajawa na wanachama, na vipeperushi vya chama chake vilitoka kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwemo.

Machi 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama kilichokuwa cha wafanyakazi Wahindi. Mwezi uliofuata neno Wahindi likaondolewa katika jina, na chama kikawa cha wafanyakazi wa Kenya, bila kujali rangi wala dini. Ili kuona uzito wa badiliko hilo, msomaji akumbuke kwamba mishahara ya koloni ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mhindi akigoma, yupo Mwafrika wa kuwekwa mahali pake kwa malipo madogo zaidi. Kwa hiyo mimi siuoni uamuzi ule kuwa wema mtupu. Ulikuwa pia hesabu ya mtu aliyeelewa jinsi mgomo unavyovunjwa.

Waafrika hawakumiminika mara moja; kwa miaka kadhaa wanachama wengi walibaki kuwa Wahindi. Lakini chama kilionyesha nguvu. Tarehe 1 Aprili 1937 kiliitisha mgomo Nairobi, ukadumu siku 62, na mwisho waajiri wakakubali nyongeza ya mishahara. Mwaka huohuo kikajipanua hadi Uganda na Tanganyika, na jina likabadilika tena kuwa la Afrika Mashariki.

Siku 62! Nilipokuwa sekondari hapa wilayani Fizi, walimu wa shule moja waligoma na hawakumaliza wiki mbili. Wenzao wa shule ya jirani waliendelea kufundisha. Hawakuwa wasaliti. Wale waliogoma walikuwa katika orodha ya malipo ya serikali, na hawa wa jirani hawakuwamo, waliishi kwa michango ya wazazi; wakifunga milango, siku hiyo nyumbani hakuna ugali. Sendika haikuwa imewauliza wanataka nini. Kila ninaposoma kuhusu 1935 nawakumbuka walimu hao, na nadhani kila mtu wa Fizi, mahali ambapo mara nyingi mtu huulizwa kabila lake kabla ya shida yake, ana mfano wake.

Mwanzoni mwa 1940 Makhan Singh alikuwa India. Angeweza kupumzika. Badala yake akaingia katika harakati za wafanyakazi wa viwanda vya nguo huko Bombay na Ahmedabad, na mwezi Mei Waingereza wakamkamata. Alizuiliwa bila kesi kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akaamriwa asitoke kijijini kwake hadi Januari 1945. Serikali ilikuwa moja pande zote mbili za bahari, na yeye aliichukulia hivyo.

Alirudi Kenya Agosti 1947 na kukuta koloni linataka kumfukuza. Akapambana mahakamani na akabaki. Mwezi huohuo Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkuu wa Januari, alikamatwa na kupelekwa Kabarnet. Septemba wapakuzi wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma, na mgomo ukafuata reli kuelekea bara. Hapo habari inatufikia sisi. Wabelgiji walikuwa na sehemu zao za bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa mkataba wa 1921, na mizigo ya mashariki ya Kongo ilipita huko kabla ya kuvuka Ziwa Tanganyika. Kigoma hiyohiyo wengi wetu tuliifahamu kwa ukimbizi. Mpakuzi aliyekunja mikono Dar es Salaam aligusa mzigo wa Kongo, ajue asijue.

Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi barazani. Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma kwa siku tisa. Waliogoma walidai mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi, na walidai waachiliwe Kubai, Kibachia wa Mombasa na huyu Singasinga wa Punjab. Wengi wa wagomaji walikuwa Waafrika. Kwangu mimi, hilo ndilo jibu la mlango uliofunguliwa mwaka 1935, ingawa lilichukua miaka 15.

Yeye alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa, baadaye Maralal na Dol Dol. Serikali ilikuwa tayari kumwacha huru kama angekubali kurudi India. Alikataa. Alitoka Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11, miezi miwili nyuma ya Kenyatta.

Uhuru ulipofika hakupewa cheo chochote cha maana. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya ukomunisti wake, ambao hakuuficha. Mimi naona pia kwamba serikali mpya haikuwa na hamu kubwa na watu waliozoea kugoma. Alikaa akaandika. Kitabu chake kuhusu vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952 kilitoka mwaka 1969, na alifariki Mei 1973. Kitabu cha pili, kinachoendelea hadi 1956, kilichapishwa mwaka 1980. Humo mna miaka ya mgomo wa bandari ya Mombasa wa 1955, aliousuluhisha kijana Tom Mboya. Mwandishi wake miaka hiyo yote alikuwa kizuizini.