Miiko ya Uongozi na Mtu wa Butiama



Katika Injili ya Marko, sura ya 10, wana wawili wa Zebedayo wanamwendea Yesu na ombi moja tu: wanataka viti. Mmoja akae kuume na mwingine kushoto siku ya utukufu. Wale mitume kumi waliobaki wanakasirika. Ukisoma kwa makini utashuku kwamba hawakukasirika kwa sababu ombi lilikuwa baya. Walikasirika kwa sababu wenzao waliwahi kuliomba. Yesu anawaita wote na kuwafundisha kwamba mkubwa kati yao ni yule anayewatumikia wengine.

Leo nakualika tulitazame fundisho hilo katika maisha ya mtu wa mkoa wetu wa Mara. Unamfahamu. Sura yake iko kwenye noti ya shilingi 1,000, na huenda unayo mfukoni sasa hivi, umeiandaa kwa ajili ya sadaka. Huenda pia noti kama hiyo ilipita chini ya meza juzi ili karatasi ya mtu fulani isogee mbele. Nazungumza juu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Mtoto wa chifu hakukosa heshima, lakini Kambarage alichunga mifugo kama watoto wengine, na hakuanza shule hadi alipofika umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika Shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, alibatizwa katika misheni ya Nyegina na kuchukua jina la Julius.

Tafakari jambo hilo, msomaji wangu. Hakubatizwa akiwa mchanga mikononi mwa mama. Alikuja kwa miguu yake, baada ya mafundisho, akijua anachokiacha na anachokipokea. Mwaka 1953 alimwoa Maria Waningu kwa ndoa ya Kanisa, mke mmoja, yeye aliyetoka katika boma la wake 22. Hakumdharau baba yake, na mama yake alimheshimu hadi mwisho. Lakini alitambua kwamba si kila desturi ya nyumbani inamfuata mtu altareni. Sisi wa Machochwe tunalihitaji somo hili. Tunapotetea mila njema za wazee, tusizifiche nyuma yake zile zinazomuumiza binti, kama ukeketaji. Mila njema hulindwa, na mila inayomjeruhi mtoto huachwa.

Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, kisha akaenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi alifundisha Pugu, shule ya Kanisa iliyo nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa naye akawa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kueleza madai ya Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, uongozi wa shule ulimtaka achague: ualimu au siasa. Alikuwa na mke, na mshahara wa mwalimu msomi siku zile haukuwa kitu cha kuchezea. Aliuacha. Alirudi huku Mara, na kwa muda alijipatia riziki kwa kumfundisha mmisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki.

Hapo ndipo napenda uanze kumhesabia mtu huyu. Wengi wetu tunaanza kuhesabu kuanzia Ikulu, na tunasahau kwamba kabla ya kupata kiti alikuwa ameshajifunza kupoteza kitu kwa ajili ya jambo analoliamini. Mtu ambaye hajawahi kupoteza chochote kwa ajili ya ukweli, ukimpa cheo, atakitumia kujilinda asipoteze.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa Waziri Mkuu. Wiki sita hivi baadaye, Januari 1962, alijiuzulu nafasi hiyo na kumwachia Rashidi Kawawa, ili yeye azunguke nchini kukiimarisha chama na kuzungumza na wananchi. Alirudi madarakani Desemba mwaka huo huo akiwa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Chifu wa Wazanaki wakati ule alikuwa ndugu yake wa baba mmoja, Wanzagi. Sheria haikuruka boma la nyumbani kwao. Unaweza kusema, kama wazee wengine wasemavyo hadi leo, kwamba tulipowaondoa machifu tulipoteza pia adabu fulani. Nawasikiliza wanaosema hivyo. Lakini hakuna atakayesema kwamba Mwalimu alitunga sheria kwa ajili ya watu baki na kuwasamehe ndugu zake.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa. Waliona wanapunjwa. Aliwarudisha nyumbani karibu 400. Unaweza kuona adhabu hiyo ilikuwa kali mno. Ila wakati huo huo alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona kwamba kama vijana wasomi wametekwa na tamaa ya mishahara, basi wameiona kwa wakubwa wao.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Watu wengi wanalikumbuka kwa sababu ya mabenki na viwanda vilivyotaifishwa, na juu ya uchumi wa miaka ile wataalamu wataendelea kubishana. Mimi nataka ukumbuke sehemu nyingine: miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Asiwe na hisa katika kampuni, wala asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi.

Tazama neno lililochaguliwa: miiko. Halikuchukuliwa katika vitabu vya sheria vya Ulaya. Ni neno la nyumbani. Mzee wa Kikurya, Mzanaki, Mngoreme au Mwikoma anajua mwiko ni nini. Ni jambo ambalo hulifanyi hata kama hakuna anayekuona, kwa sababu uharibifu wake hauishii kwako, unafika kwa watoto na kwa mifugo. Katika iritongo, mkutano wa hadhara wa Wakurya, mtu alitajwa mbele ya wote, na aibu ile ilimzuia mwenzake asifanye vile vile. Mwalimu alichukua hekima hiyo akaiweka juu ya mabega ya mawaziri.

Mwaka 1991, katika kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar, miiko ile ililegezwa. Zilitolewa sababu, na baadhi zilikuwa za kweli: maisha yalikuwa magumu, mshahara haukutosha, na wengi walikuwa wakiivunja kwa siri. Mwaka 1995 tukapata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi ajaze fomu na kutamka mali zake. Fomu ni jambo jema. Lakini fomu hujazwa mara moja kwa mwaka, na mwiko humsumbua mtu kila usiku. Taifa lililoacha miiko na kubaki na fomu tu litakuwa na makabati yaliyojaa na dhamiri tupu.

Sitaki nikuchoree malaika. Kanisa halifanyi hivyo hata kwa watakatifu. Chini ya utawala wake ilitungwa sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na watu waliteseka. Mwaka 1969 shule za Kanisa zilichukuliwa na serikali, pamoja na ile Pugu alikofundisha. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, na operesheni ya mwaka 1974 hapa Mara iliwakuta wazee wetu wakiwa na mazao shambani na nyumba zao zikabomolewa. Mtu aliyeng'olewa katika mji wa babu yake ana haki ya kulikumbuka hilo. Anayemsifu Mwalimu bila kuyataja haya hamtendei haki, kwa maana anamgeuza sanamu, na sanamu haina la kumfundisha mtu.

Hata hivyo, tarehe 5 Novemba 1985 mtu huyo aliinuka kwenye kiti bila kusukumwa na yeyote. Alikabidhi nchi kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1990 aliacha na uenyekiti wa chama. Alirudi Butiama kulima. Hapo kijijini alihudhuria Misa kama muumini mwingine yeyote, na alitumia muda mwingi kuyaweka Maandiko Matakatifu katika tenzi za Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Mwaka 2005 Jimbo letu la Musoma lilifungua mchakato wa kuchunguza maisha yake, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Si mtakatifu bado, na huenda safari ikawa ndefu. Kanisa linachunguza kwa uvumilivu, makosa na fadhila kwa pamoja.

Sasa tugeukie kwetu. Ni rahisi kukaa chini ya mti hapa Machochwe tukawalaumu wakubwa wa Dodoma. Lakini wakubwa wa Dodoma walizaliwa katika vijiji kama hiki. Tembo wanapotoka hifadhini na kulala kwenye shamba la mama mjane, yapo maombi ya kifuta jasho yanayoandikwa hapa hapa kijijini. Kama mwandikaji anaweka jina la shemeji yake ambaye hakupoteza hata bua moja, huyo hana tofauti na waziri anayeiba mabilioni, isipokuwa kalamu yake imefika karibu zaidi. Kama baraza la ardhi linasubiri kwanza mbuzi ndipo lione mpaka ulipo, mwiko umeshavunjika. Kama mwenyekiti wa kigango amekaa miaka mingi, na kila uchaguzi unapokaribia anaanza kugawa ahadi, wana wa Zebedayo bado wako nasi.

Nasi wahudumu wa altare hatuko nje ya jambo hili. Tunapofanya harambee ya kuezeka kanisa tunamwalika mgeni rasmi. Anatoa bahasha, tunapiga vigelegele, anapewa kipaza sauti, naye anahutubia kwa muda mrefu kuliko mahubiri ya siku hiyo. Ni mara chache tunajiuliza fedha ile imetoka wapi na inanunua nini. Kijana aliyekaa benchi la nyuma anatazama. Mjane aliyetoa shilingi 500 hakutajwa jina. Aliyetajwa ni mwenye gari. Kijana yule amejifunza siku hiyo somo ambalo katekista hatalifuta kwa mwaka mzima. Maparokia yetu yanahitaji mwiko: mtoa sadaka asipewe kiti cha mbele kwa sababu ya sadaka yake, na altare isiwe jukwaa la mtu anayetafuta kura.

Watasema mambo haya ni ya zamani, dunia imebadilika. Ni kweli imebadilika. Lakini maziwa yaliyotiwa maji yalikuwa udanganyifu mwaka 1934 na ni udanganyifu leo. Anayesema uadilifu umepitwa na wakati mwulize kama angependa daktari atakayempasua, au fundi wa breki za basi atakalopanda kwenda Mugumu, awe mtu wa kwenda na wakati kwa namna hiyo.

Basi, mpendwa msomaji, wiki hii jiulize maswali matatu. La kwanza: ni kiti gani ninachokalia, hata kama ni kidogo, ukatibu wa jumuiya, uhazina wa kikundi cha akina mama, ukuu wa boma langu? La pili: ni kitu gani nimejiwekea mwiko kukifanya nikiwa kwenye kiti hicho, na je, watoto wangu wanaujua mwiko huo? La tatu: nikiambiwa niondoke kesho, nitaacha hesabu safi au nitaondoka na daftari?

Lile la tatu usilijibu mbele za watu. Lijibu mbele ya Sakramenti Takatifu, halafu, kama ipo hesabu ya kurekebisha, irekebishe kabla ya Dominika ijayo. Bwana wetu hakuja kutumikiwa, alikuja kutumika, na alitoa uhai wake. Tuwaombee viongozi wetu wa kijiji, wa taifa na wa Kanisa neema ya kukaa kwenye kiti bila kukigeuza mali yao, na neema ya kuinuka wakati ukifika.

Nakutakia Dominika njema yenye baraka.