Rosanjin: Yatima Aliyewafunza Wakubwa wa Japani Kula

Mtu aingiapo katika mkahawa wa Kijapani wa hali ya juu, uwe Tokyo ama Nairobi, jambo litakalomshangaza mwanzo ni vyombo. Havifanani. Samaki mbichi huletwa juu ya sahani nzito ya udongo, supu katika bakuli la mti lililopakwa rangi nyeusi, na mboga katika kisahani chenye umbo la jani. Chakula chenyewe ni kidogo, nacho hufuata majira ya mwaka. Desturi ya kulinganisha chakula na chombo ni ya kale huko Japani, lakini mmoja wa walioitia uhai mpya katika karne ya 20 ni marehemu Kitaoji Rosanjin.

Jina lake la utotoni lilikuwa Fusajiro. Alizaliwa Kyoto tarehe 23 Machi 1883, baba yake akiwa amekwisha kujiua miezi michache kabla. Mama naye hakumlea. Mtoto alipitishwa mikono hata mikono, na alipofika umri wa miaka 6 akapokewa na ukoo wa Fukuda, nyumba ya fundi mchongaji. Humo alijitwika mwenyewe kazi ya kupika wali, apate kupendwa. Alijifunza kuupika ukawa mtamu hata kwa mchele hafifu, na hapo ndipo ulimi wake ulipoanza kunolewa.

Elimu ya shule hakuipata nyingi. Alijifundisha kuandika kwa brashi, na mwaka 1904 maandishi yake yakapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Tokyo. Alizuru Korea na Uchina, kisha akafungua duka la vitu vya kale mjini Tokyo pamoja na rafiki yake, Nakamura Takeshiro. Wateja walipofika, Rosanjin aliwapikia na kuwapakulia katika vyombo vile vile vilivyokuwa vikiuzwa. Sifa zikaenea, na mwaka 1921 kikaundwa chama cha wapenda chakula kizuri.

Tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1923 liliteketeza duka hilo. Wawili hao hawakufa moyo. Mwaka 1925 walifungua Hoshigaoka Saryo, mkahawa wa wanachama ambako wanasiasa, makabaila na matajiri walikula. Wageni walipozidi, vyombo vya kale havikutosha. Basi mwaka 1927 Rosanjin akajenga tanuri huko Kita-Kamakura, akaanza kufinyanga vya kwake. Kwake yeye, chombo kilikuwa vazi la chakula. Na mpishi asiyejali vazi hilo alikuwa hajamaliza kazi yake.

Naam, alikuwa fundi, lakini hakuwa mtu wa kukaa naye. Alikuwa mwepesi wa hasira, na fedha za mkahawa alizitumia bila kuhesabu. Mwaka 1936 Nakamura alimfukuza. Nyumba yenyewe iliteketea mwaka 1945, Tokyo iliposhambuliwa kwa mabomu, na Rosanjin akabaki na tanuri lake.

Mwaka 1954 alikwenda Marekani na Ulaya, na kazi zake zikaonyeshwa New York. Husimuliwa kwamba huko Paris, katika mkahawa mashuhuri wa Tour d'Argent, alikataa mchuzi wa wenyeji, akamla bata wao kwa sosi ya soya aliyoichukua kutoka kwao. Mwaka uliofuata serikali ya Japani ilitaka kumpa heshima ya juu kabisa ya mafundi, naye akaikataa vile vile.

Aliyewakaribisha wakubwa wa nchi mezani hakufaulu kudumisha meza ya nyumbani mwake. Alioa mara kadhaa, na kila ndoa ikavunjika. Alifariki tarehe 21 Desemba 1959 kwa maradhi ya ini yaliyoletwa na minyoo. Wengi husema aliipata kwa kupenda konokono wa mtoni wasioiva barabara.

Sahani zake leo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, nyuma ya vioo, na bei zake ni kubwa mno. Lakini yeye alizifinyanga ziliwe chakula. Yule mtoto aliyepika wali ili apate mahali pa kukaa aliijua thamani ya mgeni kupakuliwa vizuri, maana yeye mwenyewe alianza maisha bila wa kumpakulia.