MAISHA YA ALICE LAKWENA: TUJIFUNZE NINI?



Sisi tuliokimbia kutoka Gitega na Muyinga tunajua jinsi mtu aliyefiwa anavyotafuta neno la tumaini. Kwa hiyo tunawasimulia habari za Alice Auma, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda.

Mwaka 1985 alianza kutangaza kwamba roho aitwaye Lakwena, yaani Mjumbe, anasema ndani yake. Kwanza alijulikana kama mganga. Mwaka 1986 akakusanya jeshi. Watu wake walikuwa wameshindwa vitani, wamejaa hofu, naye akawaahidi utakaso. Aliwapaka mafuta ili risasi zisiwapate, akawakataza kujificha wakati wa mapigano. Aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja sheria. Mtego ulikuwa hapo: ahadi ikishindwa, kosa ni la mfuasi, kamwe si la nabii. Maelfu walimfuata, wengi wakafa. Mwishoni mwa 1987 walishindwa karibu na Jinja. Yeye alikimbilia Kenya, akafa mwaka 2007 katika kambi za Dadaab, akiwa mkimbizi kama sisi.

Basi ndugu, akija mtu anayekataza maswali, au anayesema mtoto wako hakupona kwa sababu ya dhambi yako, msimfuate upesi. Someni kwanza 1 Yohana 4:1, mkaulize wazee wa kanisa.