Quetelet: Mtaalamu wa nyota aliyeuachia ulimwengu kipimo cha unene

MTU anapopanda kwenye mizani katika zahanati, kisha muuguzi akapima kimo chake, akapiga hesabu na kumwarifu kuwa ni mnene kupita kiasi, hukumu hiyo hutokana na kanuni ya mtu ambaye hakuwa daktari na wala hakuwahi kumtibu mgonjwa hata mmoja.

Lambert Adolphe Jacques Quetelet alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa nyota. Alifariki mwaka wa 1874, takriban karne moja kabla ya kanuni yake kubandikwa jina la BMI, ambalo sasa limetundikwa kwenye kuta za hospitali kote duniani. Shabaha yake haikuwa kumwambia mtu yeyote kama ana afya njema au la.

Quetelet alizaliwa Februari 22, 1796, katika mji wa Ghent. Wakati huo eneo hilo lilikuwa limetwaliwa na Ufaransa. Baadaye liliwekwa chini ya mfalme wa Uholanzi, na kufuatia mapinduzi ya 1830 likawa sehemu ya taifa jipya la Ubelgiji. Hivyo basi, bila kwenda mbali na kwao, aliishi chini ya mataifa matatu. Babake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba tu, na alipotimiza miaka 17 ilimlazimu kuanza kufundisha ili kujikimu. Moyo wake ulielekea zaidi kwenye sanaa: alichora, akatunga mashairi na hata kushirikiana na rafikiye kuandika opera. Hata hivyo, hisabati ndiyo iliyomlisha. Mnamo 1819 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Ghent, kilichokuwa kimefunguliwa miaka miwili tu awali, na mwaka uo huo akahamia Brussels kufundisha.

Jiji hilo halikuwa na kituo cha kutazamia nyota. Quetelet aliishawishi serikali ikijenge, nayo ikamtuma Paris mnamo Desemba 1823 kujifunza namna kazi hiyo inavyofanywa. Alienda kutafuta elimu ya darubini lakini akarejea na jambo jingine kabisa. Huko Paris alikutana na mabingwa wa hisabati wa enzi hiyo, wakiwemo Laplace na Fourier, na kupitia kwao akaifahamu nadharia ya makosa.

Nadharia yenyewe ilitokana na shida ya kila mtazama nyota. Nyota moja ikipimwa mara mia, vipimo havilingani. Mkono hutetemeka, jicho huchoka, hewa husogea. Makosa madogo huwa mengi na makubwa huwa machache, na yakichorwa kwenye karatasi hutokea umbo mithili ya kengele. Katikati ya kengele hiyo ndipo penye wastani, na wastani ndio ulio karibu zaidi na ukweli.

Aliporudi nyumbani, Quetelet alijiuliza swali ambalo lingebadilisha mkondo wa sayansi. Je, ikiwa kinachopimwa si nyota bali ni binadamu? Alipata takwimu za vifua vya wanajeshi zaidi ya 5,700 wa Scotland zilizokuwa zimechapishwa katika jarida la tiba la Edinburgh. Alipozipanga, kengele ile ile ikajitokeza, kilele chake kikiwa karibu na inchi 40. Ilikuwa kana kwamba fundi mmoja amekipima kifua kimoja mara elfu kadhaa na kukosea kidogo kila mara.

Mbinu hiyo ilikuwa na makali yake. Alipochunguza vimo vya vijana 100,000 wa Ufaransa walioitwa jeshini, aligundua kwamba umbo la kengele lilikuwa na kasoro mahali pamoja. Waliokuwa chini kidogo ya mita 1.57 walikuwa wengi mno, na waliozidi kiwango hicho kidogo walikuwa wachache mno. Sheria iliwasamehe wafupi wasifikie kimo hicho. Quetelet alikadiria kuwa zaidi ya vijana 2,000 walikuwa wamepata njia ya kujifupisha mbele ya maafisa ili kukwepa vita. Hakumwona hata mmoja wao, lakini hesabu ilimfichulia njama hiyo.

Ni katika hali hiyo ambapo aligeukia uzani. Aliwapima watoto wachanga, wavulana, wasichana, watu wazima na wazee wa Brussels, na mnamo 1832 akawasilisha utafiti wake kuhusu uzani wa binadamu katika umri mbalimbali. Lau mwili ungekuwa unatanuka sawasawa pande zote, mtu aliyemzidi mwenzake kimo kwa moja juu ya tano angepaswa kumzidi uzani kwa takriban asilimia 73. Haikuwa hivyo. Watu wazima warefu hawakuwa wafupi waliotanuliwa, kwani walielekea kuwa wembamba kuliko hesabu hiyo ilivyodai. Quetelet aliona kwamba miongoni mwa watu wazima, uzani hukaribia kuongezeka kulingana na kimo kikizidishwa kwa kimo.

Kutokana na hilo ndipo ilipotokea kanuni inayotumiwa leo: kilo zikigawanywa kwa mita za kimo zilizozidishwa kwa zenyewe. Mtu wa kilo 70 mwenye kimo cha mita 1.75 hupata takriban 22.9. Kwake yeye ilikuwa njia ya kueleza jinsi kundi la watu linavyokua. Mafuta ya mwilini, maradhi ya moyo na kisukari havikuwa sehemu ya hoja yake.

Hata hivyo, si haki kumtakasa kabisa. Katika kitabu chake cha 1835 kuhusu binadamu na ukuaji wa uwezo wake, alimzua mtu wa wastani, kiumbe asiyekuwepo popote ambaye kimo, uzani, nguvu na hata maadili yake ni wastani wa taifa zima. Kwanza alimtumia kama chombo cha hesabu. Kadiri miaka ilivyosonga akaanza kumwona kama kielelezo cha ukamilifu, na aliyekuwa mbali naye akaonekana kuwa na dosari au ugonjwa. Hapo pana kosa kubwa la kimantiki. Nyota ina mahali pake pamoja pa kweli, na kila tofauti ya vipimo ni kosa la mpimaji. Watu elfu moja ni kweli elfu moja. Mrefu hakukosewa na maumbile, wala mfupi.

Walikuwepo waliolitambua hilo mapema. Mnamo 1843 Mfaransa Antoine-Augustin Cournot alitoa hoja ambayo haijapata kupanguliwa. Alieleza kwamba ukichukua pembetatu nyingi zenye pembe mraba na kutafuta wastani wa kila upande, pembetatu utakayoiunda kwa wastani hizo huenda isiwe na pembe mraba kamwe. Vivyo hivyo, mtu aliyeundwa kwa wastani wa kila kiungo huenda asingeweza hata kuishi.

Sifa za Quetelet hazikupungua kwa hoja hiyo. Alichunguza takwimu za mahakama za Ufaransa na kushangaa kwamba idadi ya mauaji ilikaribiana mwaka baada ya mwaka, jambo lililomfanya adai kuwa jamii yenyewe huandaa uhalifu na mhalifu ni mtekelezaji tu. Alisimamia sensa ya Ubelgiji ya 1846 na kuandaa kongamano la kwanza la kimataifa la takwimu jijini Brussels mnamo 1853. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo mwanamfalme Albert, aliyekuja kuwa mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa vita vya Crimea, alimheshimu kama mwalimu wake na walikutana London mnamo 1860. Lakini wakati huo Quetelet hakuwa tena yule wa zamani. Mnamo 1855 alipatwa na kiharusi kilichoidhoofisha kumbukumbu yake, na miaka mitatu baadaye mkewe akafariki. Aliendelea kuandika kwa taabu, na mnamo 1871 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu vipimo vya viungo vya mwili. Aliaga dunia jijini Brussels Februari 17, 1874, siku tano kabla ya kutimiza miaka 78.

Mzigo wa unene haukuwekwa kwenye kanuni yake na madaktari, bali ulianzia kwenye kampuni za bima. Nchini Marekani, kampuni ya Metropolitan Life ilichapisha majedwali ya uzani unaofaa katika miaka ya 1942 na 1943, ikitegemea rekodi za wateja wake. Madaktari waliyatumia kwa miongo kadhaa ilhali yalihusu watu waliomudu kununua bima ya maisha. Mtafiti Ancel Keys hakuridhika nayo. Mnamo 1972 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanaume 7,424 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Wanawake hawakuwemo. Walilinganisha kanuni kadhaa, wakaona ile ya Quetelet si mbaya kuliko nyingine, nao wakaipa jina jipya la BMI.

Urahisi wake ndio ulioisambaza. Mizani na ufito wa kupimia kimo vinatosha, na haihitaji maabara wala damu. Shirika la Afya Duniani lilikubali viwango vinavyojulikana: chini ya 18.5 ni wembamba uliokithiri, kuanzia 25 ni uzani wa ziada, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Nchini Kenya kipimo hicho hutumiwa hospitalini na pia katika utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya jamii. Kwa kazi ya kulinganisha kaunti na kaunti, au mwongo mmoja na mwingine, kinafaa sana, kwani idadi ya wenye unene wa kupindukia inapopanda, kisukari na shinikizo la damu navyo huelekea kupanda.

Tatizo huzuka anapohukumiwa mtu mmoja. Kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakisemi mafuta yamekaa wapi, ilhali yale ya tumboni ndiyo hatari zaidi. Mnamo 2004 wanasayansi wawili, Chittaranjan Yajnik wa India na John Yudkin wa Uingereza, walijitolea wenyewe kuwa mfano katika jarida la Lancet. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3, kiwango kinachosifiwa. Mafuta ya Yudkin yalikuwa asilimia 9.1 ya mwili wake, na ya Yajnik asilimia 21.2. Mwaka uo huo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kuwa Waasia wengi hukabiliwa na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo kabla hata ya kufikia 25, wakapendekeza hatua zianze kuchukuliwa katika 23.

Kwa hivyo, aliyeambiwa yuko salama huenda hayuko, na mchezaji wa raga aliyejaa misuli huenda akaitwa mnene bure. Uingereza iliwashauri watu wazima mnamo 2022 wapime kiuno pia, na wahakikishe hakifikii nusu ya kimo chao, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya nyumbani kwa utepe. Mnamo Januari 2025 jopo la kimataifa la madaktari lililochapisha ripoti yake kupitia jarida la kundi la Lancet lilipendekeza kuwa BMI isitumiwe peke yake kuamua kama mtu anaugua unene wa kupindukia. Mafuta yathibitishwe kwa kupima kiuno au kwa vifaa vinavyoyapima moja kwa moja, na daktari achunguze ikiwa viungo vimeanza kuathirika. Kwa makundi makubwa ya watu, jopo hilo liliruhusu kanuni ya Quetelet iendelee kutumika.